KARL FERDINAND BRAUN: MTU ALIYEUFANYA UMEME UONEKANE

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Mpenzi msomaji, ukimwuliza mwanafunzi yeyote shuleni humu ni nani aliyevumbua redio, atakujibu bila kupepesa macho kwamba ni Marconi. Ukimwuliza habari za balbu, atamtaja Edison. Lakini hebu mwulize ni nani aliyeunda ile tyubu ya kioo iliyomo ndani ya runinga na monita za zamani, zile zenye kisogo kirefu na uzito wa kuvunja mgongo. Atakuna kichwa, atatazama dari, na mwishowe atakwambia ati ni Wajapani.

Si Wajapani. Mtu huyo alikuwa Mjerumani na jina lake ni Karl Ferdinand Braun. Mimi nilikutana na jina lake nilipokuwa nikijifunza kutengeneza monita kuukuu za tarakilishi, nikaona si haki kuijua tyubu yake ndani na nje ilhali mwenyewe simjui. Basi vuta kiti, msomaji mwenzangu, utege sikio. Maisha ya bwana huyu yana mafunzo, tena yana huzuni.

KUZALIWA NA MASOMO

Braun alizaliwa tarehe 6 Juni mwaka wa 1850 katika mji wa Fulda. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja kama tuijuavyo leo. Ilikuwa vijinchi vingi, kila kimoja na mtawala wake, na muungano ulikuja mwaka wa 1871, Braun akiwa kijana wa miaka 20. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali. Hawakuwa matajiri wa kutajika, wala hawakuwa watu wa kulala njaa.

Baada ya kumaliza shule ya upili mjini kwao, Braun alijiunga na Chuo Kikuu cha Marburg, kisha akahamia Berlin. Huko Berlin alipata shahada yake ya udaktari mwaka wa 1872, kabla hajafikisha umri wa miaka 22. Utafiti wake ulihusu mitetemo ya nyuzi, yaani jinsi uzi uliokazwa unavyotikisika ukiguswa. Jambo dogo hilo, utasema. Lakini tangu ujana wake mtu huyu alipenda vitu vinavyokwenda huku na huku kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Liweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia.

MWALIMU WA SHULE

Sasa hapa ndipo walimu wetu watakapotabasamu. Mwaka wa 1874 Braun alianza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig. Hiyo ni shule yenye sifa tangu zamani, na yule mtunzi mashuhuri wa muziki, Bach, alifanya kazi hapo katika karne ya 18. Naam, daktari wa fizikia alisimama mbele ya wavulana na chaki mkononi, kama tu walimu wetu wanavyofanya. Hata aliwaandikia vijana kitabu cha kuwaonyesha kwamba hisabati na sayansi ni mambo ya kufurahisha.

Kumbe saa za kufundisha zikiisha, mwalimu huyo halali. Mwaka uo huo wa 1874 alikuwa akichunguza mawe yenye madini, hasa galena, ambayo ni mchanganyiko wa risasi na salfa. Aligusisha ncha ya waya kwenye jiwe kama hilo, akapitisha umeme. Akaona ajabu. Umeme ulipita vyema ukielekea upande mmoja, lakini ukigeuzwa ulikwama. Jiwe lilikuwa kama mlango unaofunguka upande mmoja tu!

Wakati huo hakuna aliyejua kazi ya mlango huo. Miaka mingi baadaye watu waliutumia katika redio za mwanzo, zile zilizokuwa zikisikika bila betri. Na dayodi zilizomo katika simu na redio za leo ni wajukuu wa ugunduzi huo. Braun alikuwa na umri wa miaka 24. Guglielmo Marconi, ambaye tutakutana naye mbele, ndiyo kwanza alikuwa amezaliwa mwaka huo huo.

KUHAMAHAMA

Mwaka wa 1877 Braun aliitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Marburg. Mwaka wa 1880 akaenda Strassburg, 1883 akawa Karlsruhe, na 1885 akahamia Tübingen ambako alisaidia kuanzisha taasisi ya fizikia. Mwaka huo wa 1885 ndio alioa, na yeye na mkewe Amélie walijaliwa watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Mwaka wa 1895 alirudi Strassburg akiwa profesa na mkurugenzi wa taasisi ya fizikia.

Wenzangu mnaosoma kemia mtakutana na kanuni ya Le Chatelier, ile inayosema kwamba mfumo uliotulia ukisumbuliwa, hujirekebisha ili kupunguza usumbufu huo. Vitabu vingine huiita kanuni ya Le Chatelier na Braun, na Braun huyo ndiye huyu wetu. Pia alitengeneza chombo chenye sindano kinachoonyesha kiasi cha umeme uliotuama juu ya kitu. Ukikitazama kwa makini utaona nia yake ilikuwa moja daima. Umeme hauonekani. Yeye alitaka uonekane.

TYUBU YA MWAKA 1897

Miji ya Ulaya ilikuwa ikianza kutumia umeme wa kubadilika, yaani ule unaokwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kwa sekunde. Umeme wa Kenya Power tunaoutumia ni wa aina hiyo, nao hufanya mizunguko 50 kila sekunde. Shida ilikuwa moja. Je, utaupimaje? Sindano ya mita ni kipande cha chuma na ina uzito. Kabla haijainuka kwenda kulia, umeme umeshageuka unaivuta kushoto. Matokeo yake sindano inatetemeka tu hapo katikati kama mtu mwenye homa. Wahandisi walijua umeme upo lakini ilikuwa vigumu kuliona umbo lake.

Braun aliwaza hivi. Kama tatizo ni uzito wa sindano, basi nitafute sindano isiyo na uzito. Akaikumbuka miale ya kathodi. Miale hiyo ilikuwa imejulikana kwa miaka mingi. Ukitoa hewa ndani ya chupa ya kioo na kupitisha umeme wenye nguvu nyingi sana, kunatoka miale kwenye kipande cha chuma kiitwacho kathodi, na kioo hung'aa miale inapogonga. Tena miale hiyo hupinda ukiisogezea sumaku. Basi Braun akaagiza tyubu ndefu yenye shingo nyembamba na kichwa kipana. Ndani yake akaweka kizuizi chenye kitundu kidogo ili mwale mmoja mwembamba tu upite. Mbele akaweka kipande cha ulanga kilichopakwa unga wa madini unaong'aa. Nje ya shingo akaweka koili ya waya.

Umeme anaotaka kuuchunguza akaupitisha katika koili ile. Koili ikawa sumaku, sumaku ikauvuta mwale, na nukta ya mwanga ikapanda na kushuka pamoja na umeme bila kuchelewa. Kisha akaitazama nukta hiyo katika kioo cha kujitazamia kilichokuwa kikizunguka, nayo ikajitandaza ikawa wimbi. Sasa mtu aliweza kukaa kwenye kiti akatazama umbo la umeme kama anavyotazama mawimbi ya bahari. Habari hizo alizichapisha mwezi wa Februari mwaka wa 1897.

Jambo linalonishangaza mimi ni hili. Wakati huo hakuna aliyejua kwa hakika miale hiyo ni kitu gani. Miezi michache baadaye mwaka huo huo, Mwingereza J. J. Thomson ndiye aliyeonyesha kwamba ni vijipande vidogo mno, vile tunavyoviita elektroni. Yaani Braun aliitumia elektroni kama sindano kabla haijathibitishwa kuwa ipo!

Mwaka wa 1899 msaidizi wake, Jonathan Zenneck, aliongeza njia ya kuuvuta mwale kulia na kushoto kwa mwendo sawa, na kioo cha kuzunguka hakikuhitajika tena. Chombo hicho ndicho tunachokiita osiloskopu, na wenzetu wa Kidato cha Nne wanakijua katika mada ya miale ya kathodi.

Je, Braun alitajirika kwa tyubu hiyo? La hasha. Hakuichukulia hataza, yaani ile hati ya kumzuia mtu mwingine asiutumie uvumbuzi wako bila ruhusa yako. Alieleza wazi jinsi ilivyoundwa, na kila mwenye maabara aliweza kuitengeneza. Aliwaachia watu hivi hivi tu.

SIMU YA UPEPO

Kuanzia mwaka wa 1898 Braun aligeukia telegrafu isiyotumia waya, ile ambayo wazee walikuja kuiita simu ya upepo. Kijana Marconi alikuwa tayari ameanza kutuma ishara hewani, lakini mitambo ya wakati huo ilikuwa na udhaifu. Cheche za umeme zilirukia moja kwa moja kwenye eriali. Ukitaka ishara zifike mbali, ilikubidi urefushe cheche, na kadiri ulivyoirefusha ndivyo nguvu ilivyopotea.

Braun aliitenga cheche. Aliiweka katika mzunguko wake peke yake wenye kapasita na koili, kisha akaupitisha umeme hadi kwenye eriali kupitia koili mbili zilizo karibu karibu, kama inavyofanya transfoma. Hapo ungeweza kuongeza nguvu bila kuipoteza kwenye cheche. Uvumbuzi huo aliuchukulia hataza, na kampuni ikaundwa. Mnamo mwezi wa Septemba mwaka wa 1900 mitambo yake iliwasiliana kati ya Cuxhaven, kwenye pwani ya Ujerumani, na kisiwa cha Helgoland, umbali wa kilomita zipatazo 60 juu ya bahari. Mwaka wa 1903 kampuni za Kijerumani zilizokuwa zikishindana ziliunganishwa, ikazaliwa Telefunken.

Mwaka wa 1909 Braun na Marconi walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kuiendeleza telegrafu isiyo na waya. Mmoja alikuwa profesa wa miaka 59 na mwingine alikuwa mfanyabiashara wa miaka 35. Ajabu ni kwamba tyubu haikuwa sababu ya tuzo hiyo. Leo kila mtu anamkumbuka Marconi, lakini jina la mzee waliyesimama naye Stockholm limesahaulika katika nchi nyingi.

SAFARI ISIYO NA KURUDI

Msomaji, sasa tumefika kwenye huzuni niliyokutajia. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilizuka mwaka wa 1914. Waingereza wakazikata nyaya za simu za Ujerumani zilizopita chini ya bahari. Ili kuzungumza na Marekani, Wajerumani walibaki kutegemea mitambo ya hewani, na mmoja wa mitambo hiyo ulikuwa Sayville, karibu na jiji la New York. Kampuni ya Marconi ilikwenda mahakamani huko Marekani ikidai kwamba mtambo huo unavunja hataza zake. Kama ingeshinda, mtambo ungefungwa.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1914 Braun alipanda meli pamoja na Zenneck kwenda kutoa ushahidi. Alikuwa na umri wa miaka 64 na afya yake ilikuwa mbovu. Bahari ilikuwa imejaa manowari. Hata hivyo alipiga moyo konde akaenda.

Alifika salama, lakini kesi ilijikokota kama kobe, na njia ya kurudi ikazibwa na vita. Alikaa Brooklyn nyumbani kwa mwanawe. Mwaka wa 1915 ukapita, na wa 1916 ukapita. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1917 Marekani nayo ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani, na mzee huyo aliyekuja kama shahidi akawa raia wa nchi adui. Hawakumtia gerezani, lakini mlango wa kurudi nyumbani ulikuwa umefungwa kabisa. Tarehe 20 Aprili mwaka wa 1918 aliiaga dunia huko huko ugenini, akiwa na umri wa miaka 67. Vita vilikwisha miezi saba tu baadaye. Na hata kama angeishi, chuo chake kisingemngoja, kwa sababu Strassburg ilirudi mikononi mwa Ufaransa. Majivu yake yalisafirishwa na kuzikwa Fulda mwaka wa 1921, mji ule ule alikozaliwa.

TYUBU BAADA YA MWENYEWE

Mtu hufa lakini kazi yake haifi. Mwaka wa 1907 Boris Rosing wa Urusi aliwaza kuitumia tyubu ya Braun kuonyesha picha zilizotumwa kutoka mbali. Mwaka wa 1926 Kenjiro Takayanagi wa Japani alionyesha herufi moja ya lugha yao kwenye tyubu kama hiyo. Mwanafunzi wa Rosing, Vladimir Zworykin, alihamia Marekani, na mwaka wa 1929 alionyesha tyubu yake ya runinga. Hapa kwetu Kenya matangazo ya runinga yalianza mwaka wa 1962, na nyumba iliyokuwa na runinga ilikuwa na tyubu ya Braun sebuleni. Tarakilishi nazo zikafuata. Mwaka wa 1981 kompyuta ya IBM ilikuja na monita ya maandishi ya kijani, na mwaka wa 1987 ikaja VGA yenye rangi na nukta 640 kwa 480.

Inafanyaje kazi? Ni wimbi lile lile la Braun limefunzwa kuchora. Koili za shingoni huuvuta mwale kutoka kushoto hadi kulia, mstari baada ya mstari, kama mtu anayelima shamba. Akifika chini anarudi juu na kuanza upya. Katika VGA shamba zima hulimwa mara 60 kwa sekunde, mistari ipatayo 31,500 kila sekunde! Mwale ukiongezwa nguvu nukta inang'aa, ukipunguzwa inafifia. Monita za rangi zina mitutu mitatu ya elektroni, yaani ya nyekundu, ya kijani na ya samawati.

FUNDI NA MONITA

Kuna fundi mmoja wa jua kali sokoni kwetu ambaye bado anatengeneza monita na runinga za kisogo. Baadhi ya Jumamosi huniruhusu niketi kando yake nimpe bisibisi. Mimi humwita Mzee na yeye huniita kijana wangu. Jambo la kwanza alilonifunza ni kwamba monita ikiugua, kiwambo chenyewe hukuambia inaumwa wapi, mradi uijue safari ya mwale.

Ukiona mstari mmoja mweupe umelala katikati ya kiwambo, mwale unakwenda kushoto na kulia lakini haupandi wala haushuki. Basi tatizo ni saketi ya wima. Usihangaike na kitu kingine. Punguza mwangaza haraka ili mstari huo usiunguze unga wa kiwambo, kisha ukague saketi hiyo na viungo vyake vya lihamu.

Ukiona mstari umesimama wima, hapo tumia akili. Katika monita nyingi, volti kubwa za tyubu hutoka kwenye saketi ile ile inayouvuta mwale kushoto na kulia. Ingekuwa saketi yote imekufa, usingeona mwanga wowote. Kwa kuwa mwanga upo, saketi iko hai, na pengine ni koili ya shingoni iliyokatika au waya wake umelegea.

Picha ikiwa ya rangi ya bahari, yaani samawati na kijani, jua kwamba nyekundu imepotea. Kabla hujafungua chochote, tazama kwanza pini za waya unaounganisha monita na kompyuta. Pini moja ikipinda, rangi moja hutoweka. Mzee huyo amewahi kupokea monita iliyokuwa karibu kutupwa, akainyoosha pini kwa koleo, kazi ikaisha. Picha ikiwa na madoa ya rangi pembeni, yamkini kuna spika karibu, maana sumaku yake inaupotosha mwale kama vile sumaku ya Braun ilivyoupinda. Picha ikinywea na kutikisika kama maji ya mtungi, mara nyingi ni kapasita za saketi ya umeme zilizokauka kwa uzee.

Na ile dawa ya nyumbani ya kuipiga runinga kofi? Jamani, kofi halitibu. Picha ikirudi baada ya kofi, maana yake kuna kiungo cha lihamu kilichopasuka, mara nyingi chini ya ile transfoma ya volti kubwa kwa sababu ya joto lake. Kofi linakigusisha kwa muda tu. Dawa yake ni kukiyeyusha upya kwa chuma cha kulehemu.

Tahadhari kabla ya hatari, wenzangu. Msije mkasoma haya mkaenda kufungua runinga ya baba. Tyubu ya rangi hutumia volti 20,000 na zaidi, na kioo chake huhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Fundi wetu hagusi kitu kabla hajauondoa umeme huo kwa kifaa maalum, na mkono wake mmoja huuweka nyuma mgongoni ili umeme usipite kifuani. Tena tyubu haina hewa ndani. Ikivunjika, hujipasua kwa kishindo na vigae huruka kila upande.

Siku moja kulikuwa na monita iliyowashinda watu. Mzee akatoa chini ya meza chombo alichokinunua kikiwa kimechakaa, chenye kiwambo kidogo cha kijani. Akagusisha waya wake hapa na pale kwenye monita. Kwenye kiwambo wimbi likatokea, zuri, limepangika. Akasogea mbele, wimbi. Akasogea tena, wimbi limekatika. Akaweka kidole hapo, akasema ugonjwa uko kati ya sehemu hizi mbili. Na kweli ulikuwa hapo. Chombo hicho kilikuwa osiloskopu. Nikatulia nikawaza kwamba tyubu moja ya Braun inaitibu nduguye. Kazi aliyoiundia tyubu hiyo mwaka wa 1897, yaani kuufanya umeme uonekane ili mtu ajue unakwenda vipi, ilikuwa ikifanyika mbele ya macho yangu kwenye kibanda cha mabati.

TAMATI

Siku hizi monita bapa zimezitoa za kisogo madukani, na viwanda vikubwa viliacha kuziunda. Zilizobaki ziko stoo, vibandani na kwa wapenzi wa vitu vya kale. Hazitadumu milele. Lakini katika lugha ya Kijerumani tyubu hiyo huitwa tyubu ya Braun, na Wajapani nao huiita kwa jina lake.

Tukimtazama Braun tunaona jambo la kutafakari. Uvumbuzi aliouchukulia hataza ulimletea kampuni na tuzo, lakini kesi za hataza ndizo zilizomvusha bahari akiwa mgonjwa hadi akafia ugenini. Uvumbuzi alioutoa bure haukumletea hata senti, nao ndio ulioingia katika mamilioni ya nyumba. Sisemi hataza ni mbaya, kwani mvumbuzi naye ana tumbo. Nasema tu kwamba mtu hawezi kujua ni kazi yake ipi itakayomzidi umri. Mwalimu yule wa Leipzig aligusa mawe kwa ncha ya waya baada ya vipindi, wala hakujua.

Kwa hivyo mwenzangu, ukiiona monita ya kisogo imetupwa nyuma ya maabara, usiicheke ati ni takataka. Ndani yake mna sindano isiyo na uzito, na aliyeibuni ni mwalimu wa shule. Kalamu yangu naiweka chini. Wasalaam.